Riziki ya Msafiri wa Nauli Ndogo katika Njia ya Mkiwa

Mtu atokaye Itigi, akiiacha reli nyuma yake na kuikata ile nyika ya vichaka, huifikia Mkiwa, mahali njia yake inapoungana na barabara kuu iendayo Singida kutoka Manyoni. Kusini ya hapo ndipo palipokuwa na Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa mno na misafara ya karne ya 19 kwa uchache wa maji yake, baina ya Ugogo na Unyanyembe. Hamali aliyepita humo na pembe ya ndovu begani alipewa posho yake ya nafaka, aghalabu kibaba kwa siku, au kipande cha nguo akajinunulie mwenyewe, ilhali tajiri wake alikuwa na mchele, samli na mpishi. Kwa hiyo hamali, alipotoka nyikani akiwa hai, alishibishwa na wenyeji, waliomuuzia asali, mtama na maziwa. Ndivyo ilivyoanza desturi ninayotaka kuieleza.

Wadachi walianza kuijenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na pamoja na reli yakaja madaraja ya abiria. Katika zama za Waingereza, daraja la kwanza lilikuwa kwa desturi la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu, lenye mabao ya kukalia, la Waafrika. Lakini dirisha la daraja la tatu lilifunguka, na hiyo ndiyo habari kubwa. Gari liliposimama Saranda, Manyoni au Itigi, kina mama walikuja mbio na masinia kichwani, wakiinua hadi dirishani kuku wa kienyeji waliokaangwa wakakauka vizuri, na chupa za asali ya nyuki wa miombo. Na abiria asiyekuwa na kitu ila nauli na shilingi chache alikula kitoweo ambacho, kwa maoni yangu, hakikupitwa kwa ladha na cha behewa lo lote la chakula. Kuku wa Saranda walipata sifa mpaka Kigoma na Mwanza. Mabasi yalipokuja yaliurithi mtindo ule ule wa kununua dirishani, na makampuni yakaongeza takrima yao ya maji, soda na biskuti.

Ndege ilileta jambo jipya, kwani dirisha lake halifunguki, na aliyemo hula kwa hiari ya mwenye chombo. Shirika la East African Airways, lililoundwa mwaka 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, lilikuwa bado changa wakati daraja la uchumi lilipoanzishwa katika safari za Atlantiki mwezi Aprili 1958. Mashirika makubwa yaliafikiana kwamba abiria wa daraja hilo wasipewe zaidi ya sandwichi za kawaida, zisizo na gharama kubwa. SAS, shirika la Skandinavia, likaandaa mkate wa kwao, uliopangwa juu yake nyama na samaki kwa wingi na uzuri hata Pan Am, shirika la Marekani, ikashitaki kuwa ile si sandwichi bali ni mlo kamili. Shauri likaamuliwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege ya kimataifa, na SAS ikatozwa faini. Fikiri: watu wazima, wenye elimu na madaraka, wakakaa kitako kuhukumu kosa la kumlisha vizuri mnyonge!

Tangu hapo mapatano hayo yamevunjika, na leo Mnyaturu, mwenyeji wa Singida, apandaye ndege kwa nauli ya chini aweza kuletewa wali wa moto, kitoweo na kikombe cha chai kwa adabu asiyoitazamia, akastaajabu. Mimi huufurahia mshangao wake, lakini hunihuzunisha kuwa kitoweo kile hakikutoka kwao. Tangu mwaka 2024 treni za umeme huenda Dodoma kutoka Dar es Salaam, zikiwa na madirisha yasiyofunguka kama ya ndege, na njia yao inaendelea kujengwa kutoka Makutupora kwenda Tabora kupitia Manyoni na Itigi. Insafu yataka wenye treni hizo wapatane mapema na kina mama wa Saranda, Itigi na Mkiwa, wawanunulie kuku na asali kwa bei ya haki, na kuvigawa humo ndani kuanzia behewa la daraja la chini.