Kampuni ya hundi isiyojazwa

Kampuni ya hundi isiyojazwa haina biashara yoyote. Huuza hisa, nchini Marekani kwa kawaida kwa dola 10 kila moja, ili baadaye iungane na kampuni halisi. Fedha huwekwa amana, na mwenye hisa anaweza kudai zake kabla ya muungano. Kinga yake kubwa ni hiyo. Anayebaki hubeba mzigo: waanzilishi huchukua takriban asilimia 20 ya hisa kwa bei ya kutupa, na kadiri wengine wanavyojitoa, fedha zilizo nyuma ya kila hisa hupungua. Kampuni ya malori ya Nikola iliungana na VectoIQ, kampuni ya hundi isiyojazwa, mwaka 2020 bila lori hata moja sokoni; hisa ilivuka dola 70, kisha kampuni ikaomba kufilisiwa mwaka 2025. DraftKings, kampuni ya kamari ya michezo iliyoingia sokoni kwa njia hiyo hiyo ikiwa tayari na wateja na mapato, imedumu.