Karatasi Tatu za CPE

Hebu, msomaji, jidhanie u mtoto wa Eldoret mwaka 1975. Umefika darasa la saba, na mbele yako upo mtihani wa CPE, wenye karatasi tatu tu: Kiingereza, Hesabu, na ya tatu iliyobeba Historia, Jiografia na Sayansi kwa pamoja. Nafasi za sekondari ni chache. Utatia bidii wapi?

Kupima si kazi ngumu. Historia ni fungu tu la karatasi moja, hali Kiingereza kina karatasi nzima, tena ndicho lugha ya maswali yote. Basi utakesha nacho. Na Kiswahili je, ambacho kwacho Mkalenjin, Mluhya na Mkikuyu hupatana bei sokoni? Hakitahiniwi, hata vipindi vyake mara nyingi huchukuliwa na masomo mengine. Mimi simlaumu mtoto wa siku zile, kwani aliyepanga karatasi ndiye aliyempangia saa zake.

Mwaka 1985 ulipoanza mtihani wa KCPE, Kiswahili kilitiwa humo kwa lazima, pamoja na sanaa na kazi za mikono, na ikambidi mtoto azigawe upya saa zile zile.