Kutoka Kipande cha Shingoni hadi Sivii ya Kompyuta

Hadi leo wako Wakenya wanaokiita kitambulisho "kipande". Jina hilo limepita miaka mia, na zamani katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet kipande ndicho kilichobeba habari zote za mtu kazini.

Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha. Katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakaingia kupanda chai kwenye ardhi ya Wakipsigis. Kibarua aliyetoka Kisii au kandokando ya Ziwa Victoria alifika na kikopo cha chuma kikining'inia shingoni. Ndani mlikuwa na karatasi: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuacha. Wenye kukivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi. Mwenye shamba asipotia saini ya kumwachilia, kibarua hakuweza kuajiriwa kwingine. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga 1921. Mwaka 1947 kikabadilishwa na kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Sasa kalamu imehamia mkononi mwa mtafuta kazi, anayejiandikia sivii mwenyewe. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, wakazi wakilalamika kwamba zimewanyang'anya ajira. Kijana wa huko akitafuta njia nyingine huambiwa ajifunze kuandika programu. Moringa School, shule ya kufundisha kazi hiyo, ilifunguliwa Nairobi 2014. Andela, kampuni iliyowafunza waandishi wa programu na kuwapa kazi za wateja, ikaja mwaka uliofuata.

Lakini Septemba 2019 Andela iliwaachisha kazi mamia ya waandishi wa programu chipukizi Nigeria, Uganda na Kenya. Wateja walitaka waliokomaa. Ndipo kishawishi kinapoingia kwenye sivii: kozi ya miezi michache inageuzwa "uzoefu wa mwaka", na zoezi la darasani linaitwa "mradi wa mteja". Swali moja la msaili, "Sehemu ipi uliandika wewe?", humwacha mtu akitafuta maneno. Mwenye kuliita zoezi zoezi, kisha akaifungua programu yake kwenye GitHub, mtandao wa kuhifadhia programu, na kuieleza mstari kwa mstari, hana la kuficha.

Shambani, mchumaji hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, kwa kuwa ladha imo humo. Soko la kompyuta bado linaruka chipukizi na kudai majani yaliyokomaa, bila kusema yatakomalia wapi.