Constantia: miaka 107 mikononi mwa akina Cloete

Kwa miaka 107, kuanzia 1778 hadi 1885, shamba la Groot Constantia lilirithiwa ndani ya ukoo mmoja tu, wa Cloete. Shamba lenyewe liko kusini mwa Cape Town, kwenye miteremko ya nyuma ya Mlima Meza, upande unaopokea upepo wa baharini kutoka False Bay. Humo ulitengenezwa mvinyo mtamu uliogombaniwa na wakubwa wa Ulaya, wakati ambapo mvinyo mwingine wa Rasi ya Tumaini Jema ulidharauliwa, na mara nyingi kwa haki.

Mwanzilishi hakuwa Cloete. Mwaka 1685 ardhi hiyo alipewa Simon van der Stel, mkuu wa Rasi chini ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Alizaliwa Mauritius, na bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa Kihindi kutoka pwani ya Goa, jambo ambalo waandishi wa zamani walipenda kulipitia mbali. Van der Stel alifariki 1712, shamba likagawanywa, na kipande chenye nyumba yake kikapita mkono hadi mkono mpaka Hendrik Cloete alipokinunua.

Cloete alikuta shamba limechakaa. Akapanda mizabibu upya, akaikarabati nyumba, na mwaka 1791 akajenga ghala la mvinyo ambalo bado limesimama. Juu ya mlango wake, chini ya paa, kuna sanamu zilizochongwa ukutani: Ganymede, kijana mnyweshaji wa miungu ya Kigiriki, yuko na tai, na pembeni wamejazana watoto wanono wanaocheza. Inasemekana ni kazi ya mchongaji Anton Anreith. Ni mapambo makubwa mno kwa nyumba ya mapipa, lakini Cloete alitaka mnunuzi ajue amefika kwa nani.

Siri ya utamu ilikuwa subira. Zabibu, hasa za aina ya Muscat, ziliachwa mtini baada ya kuiva hadi zikaanza kusinyaa na sukari ikakolea, ndipo zikachumwa. Maji yake yanakuwa machache na mazito, na pipa moja linakula zabibu nyingi kupita kawaida. Kazi hiyo inahitaji mikono mingi, na mikono ya Constantia ilikuwa ya watumwa. Inasimuliwa kwamba Hendrik aliwasimamisha katikati ya mizabibu kutwa nzima ili mdudu asitue kwenye shada. Watumwa wa Rasi waliletwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Kwa hiyo sifa za mvinyo huo zinaihusu Bahari ya Hindi, ikiwemo pwani yetu ya Afrika, zaidi kuliko chupa zilivyowahi kukiri.

Na sifa hazikuwa haba. Napoleon aliunywa akiwa kifungoni St Helena. Katika riwaya ya Jane Austen ya 1811, Sense and Sensibility, mama mmoja anauleta kama dawa, na mhusika mkuu anaunywa yeye mwenyewe. Hata hivyo Hendrik aligombana na Kampuni, iliyotaka kuuziwa mvinyo kwa bei iliyojipangia. Kisha Waingereza wakaiteka Rasi mwaka 1795, na soko likabadilika.

Wengi husema Constantia iliuawa na filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi ya mizabibu. Tarehe zinakataa. Mdudu huyo aligunduliwa Rasi mwaka 1886, na wakati huo akina Cloete walikuwa wameshauza. Kilichowamaliza ni mambo mengine. Utumwa ulifutwa 1834, ingawa walioachwa huru walilazimishwa kubaki kwa mabwana wao hadi 1838. Ukungu ukashambulia mizabibu mwaka 1859. Muda mfupi baadaye Uingereza ikaelewana na Ufaransa kibiashara na kuondoa nafuu ya ushuru iliyokuwa inaulinda mvinyo wa Rasi. Jacob Pieter Cloete, wa mwisho kulishika shamba, alifariki 1875, na miaka kumi baadaye serikali ya Rasi ikalinunua.

Nyumba kubwa iliungua mwaka 1925, ikajengwa tena na kufanywa makumbusho. Mvinyo wenyewe ulifufuliwa kwa jirani. Mwaka 1980 familia ya Jooste ilinunua Klein Constantia, shamba lililowahi kumegwa kutoka ardhi hiyohiyo, ikapanda Muscat na kutoa mvinyo mtamu wa mavuno ya 1986 kwa jina la Vin de Constance.

Msomaji atakayebahatika kufika Cape Town asikimbilie meza ya kuonjea. Aanzie kwenye makumbusho ya Groot Constantia, ambako habari za watumwa wa shamba hilo sasa zinaelezwa, kisha ndipo aombe glasi.