Ukurasa Uliochelewa

Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nadhani waliotunga methali hiyo hawakuwahi kukaa mbele ya kompyuta wakingoja ukurasa wa intaneti ufunguke. Mimi nimekaa, na nimejiona, mtu mzima mwenye mvi, nikigombana na kioo. Katika kurasa hizi chache nataka kueleza historia ya uchelewaji huo: ulianzia wapi, watu waliutafutaje, na kwa nini mara nyingi waliutafuta mahali pasipo pake. Nina deni katika jambo hili, nami naona vema nilitaje kwanza.

Mwaka 2005 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari iliyokuwa mbali na mji na isiyokuwa na umeme. Shirika moja la ng'ambo lilitangaza kwamba litatoa vitabu vya maktaba kwa shule zitakazojaza maombi katika tovuti yake kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimchagua mwalimu kijana aliyejua kompyuta kidogo, nikampa nauli na fedha za kulipia saa mbili za intaneti katika duka moja la mjini. Alirudi jioni, mikono mitupu.

"Mkuu," aliniambia, "ukurasa haukufunguka. Ulifika nusu ukasimama."

Nilimtazama kama nilivyozoea kumtazama mwanafunzi anayesema daftari lake limeliwa na mbuzi. Nikamrudisha mjini siku ya pili, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akarudi na maneno yale yale. Vitabu wakapata wengine. Nami nikamwandikia barua ya onyo kwa uzembe, nakala ikaingia katika jalada lake. Mwaka uliofuata majina ya walimu waliopandishwa daraja yalipotoka, lake halikuwamo. Sikujiuliza sana.

Ajabu ni kwamba nilikwisha kufundishwa kujiuliza. Miaka ya sabini, nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa saikolojia alirudia jambo moja hadi likatuchosha: mtoto akikwama, usimwite mzito kabla hujajua amekwama wapi. Je, hakusikia swali? Hakulielewa? Au analijua jibu lakini hana kalamu? Matokeo ni mamoja, karatasi tupu, lakini dawa ni mbalimbali. Nilifaulu mtihani wa somo hilo. Kulitumia kwa mtu mzima mwenzangu kulinishinda.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Mtandao wa kurasa ulibuniwa na Mwingereza, Tim Berners-Lee, katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, Uswisi. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na mwishoni mwa mwaka 1990 tovuti ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Kurasa za mwanzo zilikuwa maneno matupu kwa sehemu kubwa, na maneno hayana uzito. Mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic, ambacho kiliweka picha pamoja na maneno katika ukurasa mmoja. Watu walifurahi sana, na hapo ndipo kungoja kulipoanza.

Tufanye hesabu kama ya darasa la saba. Modemu ya kati ya miaka ya tisini, iliyopitisha mawasiliano katika waya wa simu, ilibeba biti 28,800 kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 100 ni biti 800,000. Gawanya: karibu sekunde 28 kwa picha moja. Ukurasa wenye picha 10 ulitaka zaidi ya dakika nne na nusu. Haishangazi kwamba watu walitania kuwa zile herufi tatu, WWW, maana yake ni dunia nzima inangoja.

Mwaka 1994 kilikuja kivinjari cha Netscape. Hicho hakikungoja vitu vyote vifike. Kilionyesha maneno kwanza, picha zikajijaza baadaye. Waya haukuongezeka kasi hata kidogo, ila anayengoja alipata cha kusoma. Waliobuni hivyo walikuwa wamemwelewa binadamu. Tangu mwaka 1968 mtaalamu Robert Miller alikwisha kuandika juu ya muda ambao mtu anaweza kuvumilia kimya cha mashine, na mwaka 1993 Jakob Nielsen aliueneza ujuzi huo: baada ya sekunde 10 hivi, akili ya anayengoja huondoka na kwenda kufanya jambo jingine. Kila aliyefundisha darasa la mchana, baada ya chakula, anajua hivyo bila kusoma kitabu.

Lakini uzito wa picha ni sehemu moja tu ya habari. Ukurasa hauji kama barua moja ndani ya bahasha moja. Kivinjari huomba maneno, kisha huyasoma na kugundua kwamba kuna picha, kuna maagizo ya rangi na herufi, kuna vijiprogramu, na kila kimoja hukiomba peke yake. Kwa kanuni za mwanzo, kila ombi lilihitaji kufungua mawasiliano upya, mfano wa mtu anayekwenda dukani kununua chumvi, akarudi nyumbani, akakumbuka kiberiti, akaenda tena. Kanuni mpya zilizotolewa mwaka 1997 zilimruhusu akae dukani hadi amalize kununua. Ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo, kama duka liko mbali, kila swali na jibu lake bado lina safari yake.

Na duka letu lilikuwa mbali kweli kweli. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, kiasi cha kilometa 36,000 kutoka ardhini. Ombi lilipanda kilometa hizo, likashuka nyingine kama hizo hadi Ulaya au Marekani, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Jumla ni kilometa 144,000. Mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali na jibu lilichukua karibu nusu sekunde. Nusu sekunde ni kufumba na kufumbua. Lakini ukurasa wenye vitu 40, vikiombwa kimoja kimoja, ni sekunde 20 za safari tupu, kabla hujahesabu uzito wa mzigo. Vivinjari vilijitahidi kuomba vitu kadhaa kwa pamoja, lakini foleni ilibaki. Kisha ongeza kwamba duka lile la mjini lilikuwa na dungu moja na kompyuta nyingi, na kila mteja alinyonya kwenye mrija ule ule.

Maelezo hayo yote yalikuwa ndani ya sentensi fupi ya yule kijana: ulifika nusu ukasimama. Alikuwa ananipa taarifa. Mimi nilisikia kisingizio.

Pwani yetu haikuwa ngeni kwa nyaya za baharini. Mwaka 1879, enzi ya Sultani Barghash, waya wa simu za maandishi ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Ilipita miaka 130 ndipo mkongo wa nyuzi za kioo wa SEACOM ukaanza kazi, Julai 2009, ukitua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huo huo Kenya ilipata mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, na mwaka 2010 ukafuata EASSy, unaoanzia Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Safari ya swali na jibu ikapungua sana. Wengi tuliamini kwamba habari ya kungoja imekwisha.

La hasha. Njia ilipopanuka, mizigo nayo iliongezeka. Ukurasa wa kawaida wa siku hizi, pamoja na picha zake, matangazo yake na vijiprogramu vinavyomfuatilia msomaji, unapita megabaiti mbili. Kwa modemu ile ya miaka ya tisini ungetaka zaidi ya dakika tisa. Barabara mpya haikumaliza msongamano, kwa maana kila mtu alinunua lori.

Hapa niseme juu ya mtu ambaye kazi yake naiheshimu. Steve Souders, aliyekuwa mhandisi wa Yahoo, alichapisha kitabu mwaka 2007 juu ya kasi ya kurasa. Wahandisi wengi wakati ule walihangaika kuharakisha mashine kubwa zinazohifadhi tovuti. Yeye alipima muda hatua kwa hatua, akaona kwamba asilimia 80 hadi 90 ya kungoja kwa msomaji hutokea baada ya maneno ya ukurasa kukwisha kufika, wakati kivinjari kinakusanya na kupanga vilivyobaki. Walikuwa wakitibu goti la mtu anayeumwa jino. Leo vivinjari vikubwa vya kompyuta vina dirisha la wataalamu linaloonyesha kila kitu kilichoombwa kama mstari, mrefu au mfupi kwa kadiri ya muda wake. Anayetaka kujua kilichokwama hakisii, anakitazama.

Mimi nilizidi kukisia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, na nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, zikapata shida kubwa. Magazeti ninayosoma kila asubuhi kwenye kompyuta yakagoma kufunguka. Safari hii niliijua sababu, nikawaeleza wazee wenzangu barazani habari zote za mikongo, nao walinisikiliza kwa adabu. Mikongo ikatengenezwa. Kurasa zangu zikabaki nzito vile vile. Kwa wiki kadhaa niliendelea kutangaza barazani kwamba mafundi wametudanganya.

Mjukuu wangu alikuja likizo, akanikuta katika mashitaka hayo. "Babu," akauliza, "unajuaje kama ni mkongo?" Sikuwa na jibu. Akafungua gazeti lile lile kwenye simu yake, kwa intaneti ile ile ya nyumbani. Likafunguka mara moja. "Basi si mkongo, wala si gazeti," akasema. Akarudi kwenye kompyuta yangu, akafungua dirisha la faragha, ambalo kwa kawaida haliruhusu vijiprogramu vya nyongeza kufanya kazi. Likafunguka upesi pia. "Basi si kompyuta yote. Ni kivinjari chako, babu, au kitu ulichokipachika." Tulipokagua tulikuta nyongeza tatu, mojawapo sikumbuki niliikaribisha lini, na kurasa 37 nilizoziacha wazi, kila moja ikila kumbukumbu ya mashine. Tukaondoa, tukafunga. Kazi yote haikufika nusu saa.

Nilimuuliza kwa nini hakuanza kwa kufuta akiba ya kivinjari, kwa kuwa ndiyo dawa niliyoisikia kwa kila mtu. Akanieleza kwamba akiba ile ni picha na vitu ambavyo kivinjari kimevihifadhi ili kisiviombe tena. Ukiifuta bila sababu, mara ya kwanza ukurasa utachelewa zaidi. Hufutwa pale inapoonekana kwamba kilichohifadhiwa kimeharibika au kimepitwa na wakati. Kwa maneno mengine, hata dawa nzuri hutolewa baada ya kupima.

Usiku ule sikulala vizuri. Mtoto wa shule alikuwa amefanya mbele ya macho yangu lile ambalo mkufunzi wangu alilihubiri: badilisha jambo moja, acha mengine kama yalivyo, utazame. Mimi mwaka 2005 nilikuwa na swali rahisi kuliko hayo. Ningeweza kupanda basi pamoja na yule kijana siku ya pili. Ningeketi kando yake saa moja tu, ningeona kwa macho yangu. Pengine mwenye duka angetuonyesha mahali pa kuzima picha, kwa maana vivinjari vya wakati ule vilikuwa napo, na maneno ya fomu yangepita. Sikuuliza, kwa sababu nilikwisha kuwa na jibu.

Niliitafuta namba yake ya simu kwa walimu tuliofahamiana. Siku hizi naye ni mkuu wa shule. Baada ya salamu nilimwambia kwamba barua ile ilikuwa kosa langu, na kwamba najua lilimgharimu. Alinyamaza kidogo.

"Mwalimu," akasema, "ukurasa ule ulikuwa na picha kubwa juu, ya watoto wakisoma vitabu. Ilishuka taratibu hadi kwenye vipaji vya nyuso zao, ikasimama hapo. Siku mbili nilitazama vipaji vya nyuso."

Hakusema zaidi, nami sikutaka kumlazimisha aseme kwamba amenisamehe. Wiki ile niliandika barua ya pili, nikieleza yaliyotokea na kuifuta ile ya kwanza. Nilimpelekea yeye, na nakala nikaiombea nafasi katika jalada lake. Imechelewa miaka 19.