Kanvasi, turubai au uwanja?

Desemba 2022 wapenzi wa programu za kuandikia walipata vitu viwili vipya kutoka pande mbili zisizohusiana. Apple ilitoa Freeform kwa ajili ya simu, vishikwambi na kompyuta zake. Mwezi huohuo Obsidian, programu ya madokezo iliyoanzishwa mwaka 2020 na Shida Li na Erica Xu, iliongezewa sehemu iliyopewa jina la Canvas. Zote mbili zilimwondolea mwandishi ukurasa. Pambizo hazikuwapo, wala mstari wa kwanza; palikuwa na eneo tupu tu, naye akawa huru kuweka mambo yake popote.

Eneo hilo wengi wanaolitaja kwa Kiswahili huliita kanvasi. Wengine husema turubai. Kabla ya kuamua nani yuko sahihi, inafaa kuona kwanza kitu chenyewe kinafanya nini, maana istilahi nyingi zilizoharibika zilitafsiriwa na watu waliolijua neno bila kukijua kitu.

Ndani ya Obsidian, ukibofya mara mbili mahali patupu hujitokeza kadi. Ndani yake huandikwa sentensi moja au aya tano. Dokezo zima, picha au faili la PDF navyo huweza kukokotwa kutoka kwenye orodha ya pembeni na kutuliwa hapo. Kisha mstari huvutwa kutoka ukingo wa kadi moja hadi nyingine, na juu yake huandikwa maelezo mafupi: "kwa sababu", "lakini", "hakiki tarehe". Kadi hupewa rangi na kukusanywa katika makundi, na picha nzima huweza kupunguzwa mpaka kazi yote ionekane kwenye kioo kimoja.

Tuseme mwanafunzi anaandaa insha kuhusu Vita vya Maji Maji. Kwenye ukurasa wa kawaida ataanza na Julai 1905, pamba ilipong'olewa Nandete katika vilima vya Umatumbi, ashuke hadi kunyongwa kwa mganga Kinjikitile Ngwale mwezi Agosti, aendelee na shambulio la boma la Mahenge tarehe 30 mwezi huohuo, kisha afike Songea, walikonyongwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Mpangilio ni mzuri, ila unaficha jambo. Vita vile vilisafiri. Vilianzia karibu na pwani vikaelekea bara, na sababu zilizowasukuma Wamatumbi hazikuwa zilezile zilizowasukuma Wangoni.

Kwenye kanvasi mwanafunzi huyohuyo anaweza kuamua kwamba kulia ni pwani na kushoto ni bara, juu ni mwanzo wa vita na chini ni mwisho wake. Kadi ya Nandete itakaa juu kulia. Ya Songea itatupwa chini kushoto. Katikati yao litabaki pengo, na pengo hilo litamuuliza swali ambalo ukurasa haukumuuliza: habari ya maji ya dawa ya Kinjikitile ilifikaje huko, na nani aliipeleka? Mahali penyewe pamegeuka hoja. Hili ndilo jambo jipya, na istilahi yoyote inayopendekezwa ipimwe kwalo.

Ukilichungulia faili la kanvasi lenyewe utaona hivyohivyo. Machi 2024 watengenezaji wa Obsidian waliutoa muundo wa faili zao uwe wazi kwa yeyote, kwa jina la JSON Canvas. Kila kadi imeandikwa pamoja na upana wake, kimo chake, na namba mbili zinazoeleza ilipo: moja ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya kwenda juu na chini. Namba hizo zinaweza kuwa hasi, na ndiyo maana eneo halionekani kuisha upande wowote. Mpangilio wa kadi ndani ya faili una kazi moja tu, kuonyesha ipi inaifunika ipi. Kwa maneno mengine, kanvasi inajua "karibu", "mbali" na "juu ya", lakini haijui "kisha". Anayetaka insha bado atalazimika kurudi kwenye ukurasa na kuamua sentensi ipi itangulie. Wapo wanaopanga kadi kwa wiki nzima wakadhani wameandika.

Haja ya kutawanya mawazo nje ya ukurasa ni ya zamani kuliko kompyuta. Vladimir Nabokov aliandika riwaya zake za baadaye kwenye kadi ndogo alizoweza kuzichanganya atakavyo. Hati aliyoiacha bila kuimaliza, The Original of Laura, ilichapishwa mwaka 2009 ikiwa na picha za kadi 138. William Faulkner yeye aliandika mpango wa riwaya yake A Fable moja kwa moja kwenye kuta za chumba chake cha kazi huko Oxford, Mississippi, siku baada ya siku ya juma la hadithi. Mwaka 2007 programu ya Scrivener ikaleta ubao wa kubandikia kadi ndani ya kompyuta.

Turudi kwenye jina. Neno la Kiingereza canvas lilianza kama jina la kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za katani ya jamii ya bangi, likawa jina la matanga, la mahema, na mwishowe la kitambaa cha wachoraji. Wanaotetea turubai hufuata njia hiyo ya kitambaa. Tatizo ni kwamba turubai lina kazi nyingi huku kwetu: linafunika mizigo ya lori, linaanikiwa mahindi, linasimamishwa kwenye arusi na misiba. Maelezo ya programu yakisema "fungua turubai jipya", msomaji wa Temeke ataona vijana wakilegeza kamba. Wala hoja ya uchoraji haina mizizi mirefu hapa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao mgumu. Kitambaa cha kuwamba kilikuja baadaye.

Ubao nao una sifa zake, kwani kila aliyepita darasani anaujua. Lakini ubao una kingo, na kinachoandikwa juu yake husubiri kufutwa. Eneokazi lingefaa sana kama wafasiri wa programu hawangekuwa wamekwisha kulitumia kwa uso wa kompyuta penye aikoni.

Linabaki uwanja. Neno hili halitaji kitambaa wala mbao. Linataja nafasi ambamo vitu vinawekwa na watu wanatembea. Limezoea pia kutumika kwa mambo yasiyoshikika, kama mtu anaposema uwanja wa siasa. Na sarufi inalibeba bila taabu: kadi iko uwanjani, itoe uwanjani, irudishe uwanjani. Kanvasini nako kunatamkika, ila bado kunasikika kama mgeni aliyevaa kanzu ya kuazima. Udhaifu wa uwanja uko kwenye wingi. Nyanja zimekwenda kwa wataalamu na taaluma zao, na anayesema "nina viwanja vinne" ataulizwa bei na kama vimepimwa.

Pendekezo la busara, basi, ni kugawana kazi. Canvas ya Obsidian ibaki na jina lake kama majina mengine ya bidhaa, nalo kanvasi litumike mahali ambapo mtu anazungumzia aina ya faili, ambalo kwenye diski huishia na .canvas vyovyote vile. Uwanja uwe jina la eneo lenyewe katika maelekezo: "Bofya mara mbili uwanjani ili kuongeza kadi." "Kadi ya maandishi matupu iliyo uwanjani haitaonekana kwenye orodha ya viungo vya kurudi mpaka uigeuze kuwa dokezo." Sentensi ya pili ina onyo ambalo watumiaji wapya hulikosa mara nyingi: maneno yaliyoandikwa ndani ya kadi kama hiyo huishi ndani ya faili la kanvasi peke yake, si miongoni mwa madokezo mengine.