Benki Zilipoanza Kuulizana

Housing Finance Company of Uganda ilianzishwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata mipaka ya Kampala ilipanuliwa, na eneo la Nakawa, ambamo Ntinda imo, likawa sehemu ya jiji. Hata hivyo, wengi waliojenga huko hawakupitia kwenye kampuni hiyo. Mtu alinunua kiwanja kwa fedha taslimu, akachimba msingi, akapumzika, kisha akapandisha kuta fedha zilipopatikana. Bati lingeweza kungoja miaka.

Mkopo wa nyumba ulianza kuzoeleka pale nyumba zilizokwisha kujengwa zilipoingia sokoni. Katika miaka ya 1990 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba walizokuwa wakiishi. Sheria ya mwaka 2001 nayo ikaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Fleti za Bukoto, jirani kabisa na Ntinda, sasa zingeweza kuwekwa rehani moja moja.

Benki ya wakati huo ilidai hati ya ardhi, barua ya mwajiri na wadhamini. Jambo moja haikuwa na njia ya kulihakikisha: mwombaji anadaiwa na nani mwingine? Benki hazikuwa na daftari la pamoja, na raia hawakuwa na kitambulisho cha taifa. Aliyejiandikisha kwa jina la ukoo upande huu angeweza kutanguliza jina la ubatizo upande wa pili, akawa mteja mpya asiye na deni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya benki zilikuwa zimeanguka. International Credit Bank ilifungwa mwaka 1998. Greenland Bank na Cooperative Bank zikafuata mwaka 1999, zikiacha lundo la mikopo isiyolipika. Sheria ya Taasisi za Fedha ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2005 ndizo zilizofungua njia ya ofisi ya taarifa za wakopaji, ambayo watu huiita CRB. Ya kwanza, Compuscan kutoka Afrika Kusini, ilianza kazi Desemba 2008. Kila mkopaji alipewa kadi ya fedha iliyofungamanishwa na alama za vidole vyake. Majina yangeweza kubadilishwa, vidole havikubadilika.

Hapo ndipo ununuzi wa nyumba ulipopata kipindi chake cha hatari: zile wiki kati ya barua ya kukubaliwa mkopo na fedha kutolewa. Mthamini hajaleta ripoti, hati inakaguliwa kwenye msajili wa ardhi, na kama nyumba ni makazi ya familia, Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inataka ridhaa ya mwenzi. Mnunuzi, akijiona ameshapata, anakwenda kukopa makochi au gari. Benki ikichungulia tena CRB kabla ya kutoa fedha, deni jipya linaonekana.

Hesabu yenyewe haina huruma. Tuseme mnunuzi wa Ntinda anapata shilingi 3,000,000 kwa mwezi, na benki imeweka kikomo cha marejesho kuwa nusu ya kipato, yaani 1,500,000. Mkopo wa milioni 100 kwa miaka 20, kwa riba ya 16%, unadai takriban 1,390,000 kila mwezi. Makochi ya rejesho la 200,000 yanampitisha kikomo kwa 90,000. Kwa mkopo wenye riba inayopanda na kushuka, nafasi ndogo inayobaki chini ya kikomo ni kinga pia: Novemba 2011 Benki ya Uganda ilifikisha riba yake elekezi 23%, na marejesho ya wengi yakapaa.

Mwaka 2016 daftari lilipanuka. Marekebisho ya sheria yaliwaruhusu wakopeshaji wengine walioidhinishwa, wasio benki, kuingia kwenye mfumo, na MoKash ikaleta mikopo midogo kwenye simu za wateja wa MTN. Mkopo ulioombwa ndani ya teksi inayoelekea Ntinda sasa ungeweza kuacha alama kama wa benki.

Lakini madeni mengi ya mtaani bado yako nje ya daftari. Zamu ya kuchangia kwenye nigiina, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu, saruji iliyochukuliwa dukani kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, fedha za shangazi aliyekamilisha malipo ya kwanza: CRB haiyaoni hayo, nayo hulipwa kutoka kwenye mshahara uleule.